Zilipendwa: Juma la Redio na Kuundwa kwa Muziki wa Kale wa Kariakoo na Jangwani



Mada niliyopangiwa ni muziki wa klasiki katika redio. Nimeipokea kwa shaka kidogo, si kwa sababu haina maana, bali kwa sababu neno klasiki limekuja kwetu likiwa limebeba historia ya mahali pengine. Mtu akiwa London na kusikiliza juma zima la muziki wa aina hiyo katika BBC Radio 3, idhaa iliyopewa jina hilo mwaka 1967, anachosikia ni muziki uliokwisha kuandikwa kwa nota, ukachapwa, ukapigwa katika kumbi na kufundishwa vyuoni kabla redio haijabuniwa. Redio iliukuta muziki huo umekwisha kutawazwa. Ilikuja kama mgeni aliyechelewa, ikaandaliwa kiti.

Katika Kariakoo na Jangwani mambo yalikwenda kinyume. Hapa redio ndiyo iliyotawaza. Nyimbo tunazoziita za kale, zile ambazo wazee wakizisikia huacha mazungumzo, zilipata ukale wao kwa kurudiwa katika juma la redio, na nyingi kati yake hazikuwa na makao mengine ya kudumu isipokuwa kanda za redio. Hoja yangu ni hiyo. Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, nitaifuata kwa kupitia neno ambalo Kiswahili chenyewe kililichagua badala ya klasiki, yaani zilipendwa.

Tuanze na mahali. Kariakoo ilipata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika mji wa kikoloni uliogawanywa kwa rangi, eneo hili lilikuwa la Waafrika, likitenganishwa na Uhindini kwa uwanda wa Mnazi Mmoja. Upande mwingine Kariakoo inateremka hadi Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, mahali penye viwanja vilivyopokea mikutano mikubwa ya hadhara na makao ya klabu ya Young Africans, iliyoanzishwa mwaka 1935. Mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu takriban 69,000. Kufikia mwaka 1957 walikuwa wamekaribia 129,000. Wengi wa waliokuja walifikia katika nyumba za Kariakoo, na walikuja na ngoma zao. Waliwakuta Wazaramo, wenyeji wa nchi, nao wakiwa na zao.

Katika mji huo wa wageni wengi, matangazo ya kwanza ya redio ya Tanganyika yalianza Julai 1951, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Jina lilisema kweli, maana mtambo haukufika mbali zaidi ya mji. Baadaye ikawa Sauti ya Tanganyika, na mwaka 1956 likaundwa shirika lililofahamika kwa herufi TBC. Mwaka 1965 shirika hilo lilivunjwa, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tumekua tukiiita RTD. (Herufi TBC zilirudi tena katika muongo wa kwanza wa karne hii zikiwa na maana nyingine, Shirika la Utangazaji Tanzania. Mwanafunzi anayesoma nyaraka za utangazaji hana budi kuangalia mwaka kabla ya kuamua ni TBC ipi inayosemwa.)

Redio ilileta neno ambalo leo hatulioni tena kuwa geni: kipindi. Kabla ya hapo kipindi kilikuwa muda tu, kama kipindi cha mvua au kipindi cha adhuhuri. Redio ilikifanya kiwe chombo chenye jina, mwenyeji na siku yake. Mama na Mwana, Pwagu na Pwaguzi, Malenga Wetu, Ugua Pole, Mazungumzo Baada ya Habari: haya yalikuwa majina ya vipindi, na kila kimoja kilikuwa na mahali pake katika juma. Mtaa uliokuwa na saa ya adhana ukapata saa ya pili. Nayo saa hii ilikuwa na tabia moja muhimu kwa mada yetu: ilirudi. Kilichopigwa juma hili kiliweza kupigwa juma lijalo, na mwaka ujao, hata baada ya aliyekiimba kufariki.

Kabla ya redio, uwezo huo wa kurudia ulikuwa wa santuri. Neno hili lenyewe linastahili kuangaliwa. Katika Kiajemi na Kiarabu, jina linalofanana nalo ni la ala ya nyuzi inayopigwa kwa vijiti. Waswahili walilichukua wakalipa sahani ya muziki, kana kwamba sahani ile ilikuwa ala kamili inayojipiga yenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na sauti ya Kiswahili ikaingia katika santuri, ikauzwa pwani nzima. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti alikuwa akiandika juu ya mtu ambaye watu wengi walimjua kwa sauti kuliko kwa sura. Siti alifariki Julai 1950, mwaka mmoja kabla ya Sauti ya Dar es Salaam. Ninaiona tofauti hiyo ya mwaka mmoja kuwa mpaka wa zama mbili.

Santuri ilikuwa na upungufu wake. Upande mmoja wa santuri ya zamani ulichukua dakika tatu hivi. Taarabu haijui dakika tatu. Wimbo wa taarabu una utangulizi wa ala, una beti, una viitikio, una nafasi ya mwimbaji kurudia mshororo mpaka wasikilizaji waridhike na kutunza. Kuuweka katika santuri ni kuukata. Vilabu vya taarabu vya Dar es Salaam, hususan Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club, vilifuata mfano wa Misri kama majina yao yanavyodokeza, na mfano huo ulikuwa wa muziki mrefu. Cairo ilikuwa ikitangaza maonyesho ya Umm Kulthum usiku wa Alhamisi, mara moja kwa mwezi katika msimu wake, na mwaka 1954 ikaanzisha matangazo ya Kiswahili. Hivyo msikilizaji wa pwani aliyekuwa na redio nzuri alijua kwamba wimbo mmoja unaweza kuchukua saa nzima bila mtu kuchoka.

Kanda ya sumaku ndiyo iliyoondoa mkato huo, na hapa tunafika kwenye kiini cha mambo. Studio ya RTD ilirekodi kwa kanda, na kanda haikuwa na haraka ya santuri. Faida kubwa zaidi, nadhani, ilikwenda kwa muziki wa dansi.

Dansi ilikuwa muziki wa Kariakoo kabla redio haijafika. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ziliundwa Kilwa Jazz na Western Jazz, na majina yao yanaonyesha watu walikotoka: kusini na magharibi mwa nchi. Mwaka 1964 ikaja NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Neno jazi katika majina haya halina uhusiano wa karibu na muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa hivyo. Muziki wenyewe ulikuwa jamaa wa karibu wa rumba, iliyopitia Kuba na Kongo. Kiswahili kililichukua neno kama cheo cha bendi yenye ala za kisasa, kama vile mtu anavyoitwa fundi bila kuulizwa ni fundi wa nini.

Wimbo wa dansi wa Tanzania uliokomaa una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno: mwimbaji anaeleza kisa kwa utulivu, mara nyingi kwa sura ya barua, wosia, ugomvi wa ndoa au malalamiko kwa rafiki. Ya pili ni ya kuchemka: maneno yanapungua, magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia, na jina la mtindo wa bendi linatajwa. Katika santuri ndogo sehemu hizi zilitenganishwa, moja upande huu na nyingine upande wa pili, na mtu aliyeigeuza santuri alikuwa amekata pumzi ya wimbo. Katika kanda ya RTD wimbo ulikwenda dakika saba au nane bila kukatwa. Bendi nzima ilipiga pamoja, tangu mwanzo hadi mwisho, kama ilivyopiga ukumbini. Ndiyo maana nyimbo hizo, hata leo, zinasikika kama watu waliomo chumbani.

Mitindo nayo ina lugha yake. DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilijulikana kwa Sikinde. Ile iliyokuwa NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, ilijulikana kwa Msondo, hata mwishowe mtindo ukawa jina la bendi. Yote mawili ni majina ya ngoma za Wazaramo. Kwa hiyo, ndani ya muziki uliopigwa kwa gitaa la umeme, wenyeji wa zamani wa ardhi ya Kariakoo walibaki wakitajwa jina kila juma katika redio ya taifa. Sijui kama wasikilizaji wengi walilifikiria hilo. Mwanaisimu hapaswi kulipita.

Sasa inafaa tuangalie mwaka 1977. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilitegemea Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya neema kwa dansi ya Dar es Salaam. Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake walianzisha Mlimani Park wakati njia ya kwenda kwenye kiwanda imezibwa. Tukilinganisha, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, waliacha santuri nyingi ambazo mtu binafsi aliweza kuzinunua, kuzitunza na kuzirithisha. Nyimbo nyingi za zama za Sikinde na Msondo hazikuwa na bahati hiyo. Zilirekodiwa RTD, zikabaki RTD. Aliyezitaka nyumbani alisubiri kipindi.

Ndiyo maana nasema redio ilitawaza. Katika nchi yenye maduka ya santuri, msikilizaji huchagua wimbo atakaourudia. Hapa aliyechagua alikuwa mpangaji wa vipindi. Wimbo ambao kanda yake ilitolewa rafuni mara kwa mara ulikuwa wa watu wote. Ule ambao kanda yake ilikaa rafuni ulikufa kimya, hata kama ulipendwa ukumbini.

Na kabla ya rafu palikuwa na mlango. Bendi haikuingia studio na maneno yoyote iliyoyataka. Mashairi yalipitiwa kwanza. Wapo wanaosema kwamba uchunguzi huo ndio uliozaa mafumbo katika nyimbo za dansi. Sikubaliani nao moja kwa moja. Fumbo ni mali ya kale ya ushairi wa Waswahili. Siti na watunzi wa wakati wake walilitumia kabla hapajawa na kamati yoyote ya Radio Tanzania. Ninachoweza kukubali ni kwamba kupitiwa kwa maneno kulikuwa na athari ya kilugha: mtunzi alijua kwamba atasomwa kabla ya kusikika. Maneno yalilazimika kusimama yenyewe kwenye karatasi, bila gitaa. Baadhi ya watunzi wa Kariakoo waliandika kama waandishi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mashairi yao kustahimili kusomwa darasani. Malipo yao ni habari nyingine, na si ya kujivunia. Walipewa ujira mdogo wa kurekodi, na wimbo ukapigwa miaka na miaka bila mrabaha. Sheria ya hakimiliki iliyoleta chombo cha kusimamia haki hizo ilipitishwa mwaka 1999, wakati wengi wao wamekwisha kuzeeka au kufa.

Nirudi kwenye neno. Zilipendwa lina viambishi vinavyojulikana na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: zi- ya upatanisho wa nyimbo, -li- ya wakati uliopita, mzizi -pend-, -w- ya kutendwa, na -a ya mwisho. Ni sentensi kamili. Wakenya, kwa muziki wa aina hiyohiyo, husema zilizopendwa, wakiingiza -zo- ya urejeshi, na kisarufi wao ndio waliofuata njia iliyonyooka, maana kirai cha urejeshi huweza kusimama mahali pa nomino bila taabu. Watanzania waliacha urejeshi. Walichukua tamko zima, wakaligeuza jina.

Hili si jambo la ajabu kabisa katika Kiswahili. Tunao watu wanaoitwa Sikudhani na Sijaona, na hatujawahi kuwauliza nomino imekwenda wapi. Hata hivyo zilipendwa limekwenda mbali zaidi. Siku hizi mwanasiasa aliyestaafu, mchezaji aliyeishiwa nguvu, hata mchumba aliyeachwa, huambiwa: yeye ni zilipendwa. Upatanisho wa ngeli ya nyimbo umeganda, neno limekuwa moja lisilogawanyika, na maana yake imegeuka. Mwaka 2017 wasanii wa Wasafi walitoa wimbo wenye jina hilo, na hakuna kijana aliyehitaji kuelezwa.

Lakini tusikilize vizuri zaidi kinachosemwa na ile -w-. Nyimbo hizo zilipendwa. Zilipendwa na nani? Kauli ya kutendwa inamruhusu mtenda kutoweka. Klasiki, angalau, linakiri kwamba kuna daraja na kuna aliyepanga daraja. Zilipendwa linatuambia kwamba mapenzi yalikuwapo, ya watu wote, bila mpangaji, bila rafu, bila mlango. Neno ni la unyenyekevu, nami nalipenda kuliko klasiki. Hata hivyo limemficha mpangaji wa vipindi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kilichofichwa pamoja naye. Katika miaka ya 1950 wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na vyama vya ngoma: lelemama, bomba na vinginevyo. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955, na mtandao wa vyama hivyo ndio uliosaidia kuwaleta wanawake kwa maelfu katika chama kilichoanzishwa hapo hapo Kariakoo, Julai 1954. Kwa kipimo chochote cha historia, nyimbo hizo zilikuwa na uzito. Kwa kipimo cha mapenzi, zilipendwa. Lakini hazimo katika zilipendwa. Msikilizaji wa leo akifungua redio katika kipindi cha nyimbo za zamani atasikia Cuban Marimba, Western Jazz, NUTA, pengine sauti ya Shakila kutoka Tanga. Mwanamke wa Kariakoo akiimba ngoma ya chama chake hatamsikia. Ngoma ilikuwa na vipindi vyake, ikipewa jina la utamaduni. Dansi na taarabu zikapewa jina la muziki. Mgawanyo huo wa vipindi, uliofanywa kwa ajili ya kurahisisha ratiba ya juma, umekuwa mgawanyo wa kumbukumbu yetu, na sisi wasomi tumeufuata katika mitaala bila kuuhoji.

Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, stesheni binafsi zilianza, Radio One ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwaka 1994. Muziki wa vijana ukapata jina la Bongo Fleva, taarabu ikapata mtoto wa kisasa na yenyewe ikalazimika kuitwa taarabu asilia, jina ambalo Siti asingelielewa. Bendi zilizokuwa mahasimu wa kufa na kupona, mashabiki wa Sikinde na wa Msondo wakitaniana kama wa Simba na Yanga, zikawekwa pamoja katika kipindi kimoja cha juma. Ndivyo wapinzani wanavyosuluhishwa, kwa kuzeeka pamoja.

Kanda za RTD zilirithiwa na TBC, na kazi ya kuzihamishia katika mifumo ya kidijitali imesemwa na kuanzwa zaidi ya mara moja. Kanda ya sumaku haidumu. Unyevu na joto la Dar es Salaam si rafiki zake. Kwa watafiti wa Kiswahili naomba jambo moja mahususi: kabla ya sauti, okoeni vibandiko. Kwenye jalada la kanda kuna jina la bendi, tarehe, na wakati mwingine jina la mtunzi. Hayo ndiyo yatakayotuwezesha kujua nani alitumia neno gani, mwaka gani, mtaa gani.

Nasema hivi kwa sababu ya kinachotokea sasa katika mitaa ya Kariakoo. Nyimbo hizo zinauzwa humo kwa wingi kuliko wakati wowote, katika kadi za simu na flashi, mamia kwa pamoja, kwa bei ya chakula cha mchana. Kijana muuzaji anazipanga vizuri katika folda. Ukiifungua folda hukuti bendi, mwaka wala mtunzi. Unakuta namba zinazofuatana, na juu yake neno moja tu, zilipendwa.